Kutoka kunakili amri hadi kuielewa mashine: ujuzi wa Linux unaodumu kazini

Swali: Nimeandika programu kwa Python na JavaScript kwa miaka sita, na kazi zetu zote zinakaa kwenye seva za Linux. Lakini Linux yenyewe naijua juujuu: amri nyingi nazinakili mtandaoni au naiuliza akili mnemba. Hivi karibuni seva yetu iligoma kwa kujaa diski. `df` ilionyesha asilimia 100, ila nilipojumlisha faili kwa `du` sikufika hata nusu. Nikaiwasha seva upya, nafasi ikarudi, na mpaka leo sijui kilichotokea. Kila mwaka zinakuja zana mpya na sioni nitazimalizaje. Nianzie wapi? Nichukue cheti? Na nitaendeleaje kujifunza nikiwa na kazi na familia, tena huenda karibuni nikapewa kuongoza timu?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na hiyo diski, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine mengi yamo humo humo.

Ulichokiona kina maelezo kamili. Kwenye Linux, jina la faili na faili yenyewe ni vitu viwili. Jina ni mstari tu ndani ya folda, unaoelekeza kwenye inodi. Inodi ndiyo inayojua mmiliki, ruhusa, ukubwa na mahali data ilipolala kwenye diski. Unapoandika `rm`, unafuta jina. Data haiachiliwi mpaka mambo mawili yatimie: pasiwe na jina lolote linaloielekeza, na pasiwe na programu yoyote iliyoifungua.

Sasa tazama zile amri zako mbili. `du` hupita folda kwa folda ikijumlisha vitu vyenye majina. `df` haishughuliki na majina. Inauuliza mfumo wa faili umebakiza nafasi kiasi gani. Programu ikiwa imeshika faili ya logi, yaani ya kumbukumbu za matukio yake, iliyokwisha kufutwa na bado inaiandikia, `du` haiioni na `df` inaiona, na pengo kati yao linazidi kupanuka saa hadi saa. Ulipoiwasha seva upya, programu ile ilizimwa, faili ikafungwa, nafasi ikaachiliwa.

Najuaje kuwa si kitu kingine? Kwa kuondoa uwezekano mmoja mmoja kwa ushahidi ulionipa. Kama inodi ndizo zingekuwa zimeisha, ungepata malalamiko yaleyale ya kukosa nafasi, lakini `df -h` isingesoma 100. Tatizo lingeonekana kwa `df -i`. Kama kuna diski nyingine iliyopachikwa juu ya folda yenye faili ndani yake, `du` isingeziona faili zilizofunikwa, ila kuwasha upya kusingezifuta. Kama uliendesha `du` bila mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, ingeziruka folda usizoruhusiwa kuzisoma, na hapo pia nafasi isingerudi yenyewe. Ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, kwa kawaida huitengea root asilimia 5 ya nafasi, lakini asilimia 5 haielezi nusu ya diski. Kinachobaki ni faili iliyofutwa ikiwa wazi.

Ikitokea tena, usikimbilie kuwasha upya, maana unafuta ushahidi. Andika `sudo lsof +L1`. Itakuorodheshea faili zilizo wazi ambazo hazina jina tena, pamoja na programu inayozishika na namba ya mchakato wake. Mara nyingi mkosaji ni mzunguko wa logi: logrotate, zana inayozungusha logi, imeondoa faili ya zamani, lakini programu haikuambiwa ifungue mpya. Pitia `/etc/logrotate.d` uone kama huduma yenu inapewa ishara baada ya mzunguko. Na kwa kuwa mnatumia Python, ndani ya `logging.handlers` kuna `WatchedFileHandler`, inayogundua kuwa faili imebadilishwa chini yake na kuifungua upya kwa jina.

Nimekwenda kwa urefu kwa makusudi. Hebu angalia ujuzi huu mmoja unakufikisha wapi. Aprili 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa kwenye OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, kusasisha kifurushi peke yake hakukutosha. Programu zilizokuwa zinaendelea kufanya kazi zilikuwa bado zimeishika nakala ya zamani ya maktaba, nakala ambayo kwenye diski haikuwa na jina tena. Aliyesasisha bila kuwasha upya huduma zake alibaki wazi kwa wavamizi huku akiamini yuko salama. Ni jambo lilelile la jina na inodi.

Au chukua programu inayohifadhi mipangilio yake. Iliyoandikwa kwa uangalifu haiandiki juu ya faili ya zamani. Inaandika faili ya muda pembeni, inaisukuma hadi kwenye diski kwa `fsync`, kisha inaipa jina la ile ya zamani kwa `rename`. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili ya zamani nzima au mpya nzima, kamwe si nusu nusu. Hilo tayari ni uhandisi wa programu, na mzizi wake ni uleule uliokujazia diski.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: acha kupima maendeleo yako kwa idadi ya zana unazozijua. Pima kwa idadi ya matatizo uliyoyafuatilia mpaka ukafika kwenye sababu yake na ukaweza kuithibitisha. Tatizo moja likifuatiliwa hadi chini linakupa zaidi ya kozi nzima ya video, kwa sababu chini kule ndiko zana zote zinakokutana.

Na kule chini hakubadiliki haraka. Mabomba ya kuunganisha amri, ile alama ya `|`, yaliingia Unix mwaka 1973. SSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ni ya 1995. Git, ya kutunza historia ya msimbo, ni ya 2005. Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya kontena, inayohesabiwa kuwa mambo mapya, ilitoka 2013 ikiwa imejengwa juu ya uwezo uliokuwamo tayari kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux. Cgroups, uwezo wa kuiwekea michakato mipaka ya matumizi, ziliingia katika toleo la 2.6.24, Januari 2008. Kontena si mashine ndogo. Ni mchakato wa kawaida wa Linux uliowekewa mipaka ya kile unachoruhusiwa kukiona na kiasi cha RAM na CPU unachoruhusiwa kutumia. Anayejua mchakato ni nini hujifunza kontena kwa siku chache. Asiyejua hukariri amri za Docker, na zikikataa hana pa kwenda.

Mfano wa karibu: kontena yako imekufa na namba ya kumalizia ni 137. Wengi huitafuta namba hiyo mtandaoni. Lakini kwenye Linux, mchakato uliouawa na ishara huripotiwa na sheli (programu inayosoma amri zako) kwa 128 kuongeza namba ya ishara, na 137 ukitoa 128 ni 9, yaani SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo. Kwa hiyo programu haikufa yenyewe, imeuawa. Nani kaiua? Huenda ni kerneli kwa kuishiwa RAM, na `journalctl -k` kwenye mashine mwenyeji itakuonyesha. Au ni amri ya `docker stop`, ambayo kwa kawaida hutuma kwanza SIGTERM (ishara ya kuiomba programu ijifunge), husubiri sekunde 10, kisha huua. Hizi ni njia mbili zenye dawa tofauti kabisa. Ya kwanza inakupeleka kwenye matumizi ya kumbukumbu. Ya pili inakupeleka kwenye swali la kwa nini programu yako haikusikia SIGTERM, na hapo utakutana na jambo linalowashangaza wengi: mchakato namba 1 ndani ya kontena haudhuriwi na SIGTERM kama haukuandikiwa namna ya kuipokea. Yote hayo yameanzia kwenye namba moja.

Ukiniuliza sakafu hiyo ina nini, ni machache: faili na ruhusa, michakato na ishara, kumbukumbu, mtandao pamoja na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), na namna mashine inavyowaka na kuendesha huduma zake. Ukiyajua hayo vizuri, sehemu kubwa ya zana za mwaka ujao utazielewa kwa kusoma utangulizi wake.

Sasa namna ya kujifunza. Tatizo la kunakili amri si kunakili kwenyewe, sote tunanakili. Tatizo ni kuondoka mara kitu kinapokubali. Jizoeze kurudi. Seva ikishapona na watu wakatulia, tenga nusu saa ulijenge upya tatizo kwenye mashine yako mwenyewe, mahali ambapo kuharibu hakuna madhara. Hili lako la diski ni jepesi kulitengeneza:

```
fallocate -l 1G kubwa
sleep 600 < kubwa &
rm kubwa
df -h .
lsof +L1
kill %1
df -h .
```

Mstari wa pili unamfanya `sleep` aishike faili bila kufanya nayo chochote. Baada ya `rm`, `ls` haionyeshi kitu, lakini nafasi haijarudi. Amri ya `lsof` inamtaja `sleep` na kuandika kuwa faili imefutwa. Unamuua, nafasi inarudi. Ukishalitengeneza tatizo kwa mkono wako na kulitibu kwa mkono wako, hulisahau tena. Kisha fungua `man 2 unlink` usome: utakuta imeandikwa wazi kwamba faili inayofutwa ikiwa imefunguliwa huendelea kuwapo mpaka wa mwisho aifunge. Jibu lilikuwa ndani ya seva yako siku ileile. Zoea kurasa za `man`, yaani mwongozo uliomo ndani ya Linux, hasa sehemu ya 2 (miito ya kerneli), ya 5 (miundo ya faili) na ya 7 (maelezo ya jumla). Ni kavu, nakubali, lakini zinaeleza mfumo jinsi ulivyo, na mara nyingi zinalingana na toleo ulilonalo.

Halafu andika. Mistari minne inatosha: dalili, ushahidi, sababu, na namna ulivyothibitisha kuwa sababu ni hiyo. Huo wa nne ndio watu wanaouruka, na ndio unaotofautisha kujua na kudhani. “Niliwasha upya ikapona” ni dalili kuondoka, si sababu kujulikana.

Akili mnemba itumie, sina ugomvi nayo. Ila badilisha swali. Badala ya kuomba amri ya kutibu, omba ikupe dhana tatu za chanzo na amri ya kusoma tu, isiyobadilisha chochote, itakayotofautisha dhana moja na nyingine. Kisha soma matokeo mwenyewe. Na amri yoyote yenye `rm`, `dd`, `chmod -R` au `curl` iliyounganishwa na `sh`, usiiendeshe kabla hujaweza kueleza kila herufi iliyomo.

Jambo jingine ambalo halifundishwi sana ni kuijua mashine ikiwa nzima. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi kwenye toleo la majaribio la Debian, aina mojawapo ya Linux, akaona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na michakato ya sshd, yaani upande wa seva wa SSH, inakula CPU isivyostahili. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu, aliyoyaona kabla ya hapo. Akafuatilia. Tarehe 29 Machi akatangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana faili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, kabla hayajaenea kwenye matoleo mengi tulivu ya Linux. Hakuwa mtaalamu wa usalama. Alijua kawaida ikoje, hakuipuuza nusu sekunde, na alikuwa na zana mkononi za kuuliza kwa nini.

Hilo unaweza kuliiga wiki hii. Siku ambayo hakuna tatizo, ingia kwenye seva utazame: `free -h`, `ss -tlnp`, `journalctl -p err -b`, `top`. Huduma gani zinasikiliza? Programu yako inakula RAM kiasi gani asubuhi, na jioni je? Wastani wa mzigo ukoje? (Kumbuka kwenye Linux wastani huo unahesabu pia michakato inayosubiri diski, kwa hiyo unaweza kuwa mkubwa CPU ikiwa imelala.) Siku mambo yakiharibika, utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Upande wa uhandisi wa programu sitakwenda mbali sana, kwa kuwa miaka sita imekupa mengi. Nitataja yale ambayo naona watu wenye uzoefu kama wako huyaacha nyuma. Git wengi wanaitumia kama sanduku la kutunzia tu. Jifunze kuihoji. `git log -S` inakuambia neno fulani liliingia au kutoka lini kwenye msimbo. `git bisect` inakutafutia badiliko lililoleta hitilafu kwa kugawa nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 yanamalizika kwa hatua kama 10, na ukiwa na skripti ya kujaribu, `git bisect run` inafanya kazi yote yenyewe. Lakini inafaa tu kama kila badiliko ni dogo na linasimama lenyewe. Badiliko la faili 60 lenye maelezo ya “marekebisho” litakuonyesha mahali pa kuanza kulia, si chanzo.

Majaribio nayo: kila hitilafu inayokufikia, andika kwanza jaribio linaloshindwa kwa sababu yake, ulione likishindwa, ndipo utengeneze. Hiyo ni ileile kanuni ya kuthibitisha sababu, safari hii imehifadhiwa kwenye msimbo. Na soma msimbo wa wengine. Chagua maktaba moja ya Python unayoitegemea kila siku na ufuate wito mmoja mpaka mwisho. Ukifika mahali Python inapozungumza na kerneli, endesha `strace -f -e trace=openat,connect` juu ya programu yako utazame inafungua faili gani na kuongea na nani. Mara ya kwanza wengi hushangaa ni sehemu ngapi Python hutafuta moduli kabla ya kuipata.

Mashine ya kuharibia lazima uwe nayo. Kompyuta ya zamani yenye Debian, au mashine pepe, yoyote inatosha. Weka juu yake huduma moja unayoihitaji kweli, iwe ya kutunza picha za familia au nyaraka zako. Kitu unachokihitaji hukulazimisha kusasisha, kuweka ngome ya mtandao, kutunza nakala za akiba. Na nakala hizo uzijaribu kuzirejesha kwenye mashine tupu, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Kuhusu muda, sikushauri uibe usiku wa familia yako. Kazi yako tayari inakuletea mitaala: kila hitilafu ni somo lenye mwalimu wake. Omba zamu ya kupokea wito wa seva zinapoharibika, kama hujapewa. Mweleze mkuu wako kwamba ile nusu saa ya kurudi kwenye chanzo ni sehemu ya kutengeneza, kwa sababu bila hiyo diski itajaa tena. Kwa mtu mwenye kazi kamili, tatizo moja kwa mwezi likifuatiliwa hadi sakafuni ni mwendo mzuri sana.

Cheti? RHCSA, cheti cha usimamizi wa Linux cha Red Hat, ni mtihani wa vitendo: unapewa mashine na kazi za kuzitekeleza. Ndiyo maana naiheshimu. LPIC-1, cheti cha Linux cha taasisi ya LPI, ni ya maswali ya kuchagua na kujaza. Ya kwanza huisha baada ya miaka 3, ya pili baada ya miaka 5. Kama mwajiri anadai cheti, au kama unajijua huwezi kusoma bila tarehe ya mtihani mbele yako, chukua RHCSA. Kama si hivyo, kwa mwandishi wa programu mwenye miaka sita kazini, pesa hiyo na muda huo ningeviweka kwenye mashine ya kuharibia. Kwenye usaili, ukiweza kueleza ile diski kama nilivyoieleza hapo juu, pamoja na yale uliyoyaondoa na kwa nini, anayekusaili hatauliza cheti.

La mwisho ni uongozi wa timu. Wengi wakipandishwa huacha terminali, na ndani ya miaka miwili wanabaki kukadiria kazi wasiyoielewa tena. Usibaki na kila kazi ngumu mikononi mwako, kwani utawanyima wenzako nafasi ya kukua. Baki kwenye zamu, hata kama ni mara chache. Endelea kukagua msimbo wa wengine. Andika au hariri ripoti za matukio, na usikubali ripoti inayoishia “tuliwasha upya” au inayomtaja mtu kuwa ndiye chanzo. Uliza mfumo uliruhusuje. Seva ikigoma, kaa na mwenzako mchanga, kibodi iwe kwake, wewe uliza: unadhani ni nini, na amri gani itatuonyesha kwamba si hivyo? Mwanzoni itachukua muda mrefu kuliko ungeifanya mwenyewe. Mpe muda huo, isipokuwa wateja wamekwama. Wakikwama, hifadhi matokeo ya `lsof`, `dmesg` (ujumbe wa kerneli) na logi kabla hujagusa kitu, tengeneza, kisha mkae nayo pamoja siku inayofuata.